Mafua baada ya kujamiiana bila kinga: jibu kwa ndugu aliyeuliza

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kabla ya kuamua kulijibu, kwa sababu hofu unayoieleza naifahamu. Umesema kwamba ukiwa safarini ulilala na mwanamke usiyemfahamu vizuri bila kutumia kondomu, kwamba sasa unaingia wiki ya tatu, na kwamba tangu juzi una mafua, chafya, koo linalowasha na joto la mwili linalopanda nyakati za jioni. Umeuliza kama hizo ndizo dalili za mwanzo za virusi vya UKIMWI au za ugonjwa mwingine wa zinaa, na kama ununue dawa dukani ujitibu kimyakimya, kwa kuwa mkeo ananyonyesha na hutaki ajue. Wapo waliokujibu kwamba umeshakanyaga miwaya, na wapo waliokushauri unywe azithromycin na ulale usingizi wako. Majibu yote mawili yanaweza kukuumiza, na hilo la pili linaweza kumuumiza hata mtoto wako, kwa hiyo naomba uuvumilie urefu wa maelezo yangu.

Mimi ni mwanamke, ni mwalimu wa sekondari, wala si daktari. Ninayoyaandika hapa yametokana na yaliyonipata mwenyewe nilipokuwa nikiishi Dar es Salaam, na yale niliyoelezwa na mshauri nasaha na wahudumu wa afya walionihudumia, ambayo baadaye niliyasoma kwa kina kwa kuwa sikutaka kuendelea kuishi kwa kubahatisha.

Miaka kadhaa iliyopita niligundua kwamba mume wangu alikuwa na uhusiano wa nje ambao ulikuwa umedumu kwa muda. Sitaingia katika habari za ndoa, maana siyo ulichouliza. Wiki chache baada ya kuligundua jambo hilo nilishikwa na mafua makali, koo likauma, na mwili ukawa na uchovu ambao sikuwahi kuuona. Yalikuwa masika, darasani nusu ya wanafunzi walikuwa wakipiga chafya, na bado sikuona uwezekano mwingine wowote isipokuwa huo mmoja. Nilikuwa nikiamka usiku kuangalia ulimi kwenye kioo kama una utando mweupe. Nilikuwa nikijipapasa shingoni, kwapani na kwenye kinena kutafuta mitoki, na kwa kuwa nilizibonyeza tezi hizo mchana na usiku, zikaanza kuuma, nami nikayachukua maumivu hayo kuwa ushahidi. Chakula kilikuwa hakipiti, kwa hiyo nikapungua. Usiku nilikuwa natoka jasho, moyo ukinienda mbio, na tumbo likawa la kuharisha.

Naomba uitazame tena orodha hiyo: uchovu, kupungua uzito, jasho la usiku, kuharisha, tezi zinazouma. Kila kimoja katika hivyo kimo katika maelezo ya dalili za UKIMWI yanayobandikwa kwenye kuta za zahanati, na kila kimoja kinaweza kuletwa na hofu peke yake. Mtu mwenye hofu kubwa mwili wake humwaga homoni za kumwandaa kupambana au kukimbia. Moyo huenda kasi, jasho hutoka, utumbo husukuma haraka, usingizi na hamu ya kula hupotea. Mwili hauigizi. Jasho ni jasho kweli na kuharisha ni kuharisha kweli, lakini chanzo chake si lazima kiwe maambukizi. Nimeanza na jambo hili kwa sababu kadiri utakavyoendelea kujichunguza ndivyo utakavyopata dalili nyingi zaidi, na hakuna hata moja kati yake itakayokupa jibu.

Sasa tuyaangalie mafua yenyewe. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vinavyoshambulia utando wa ndani ya pua na koo, na ndiyo maana pua hutiririka, huziba na kumfanya mtu apige chafya. Kwa kawaida huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa na mtu mwingine mwenye mafua, na huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki muda mrefu kidogo. Virusi vya UKIMWI havifanyi kazi kwa namna hiyo. Vyenyewe huingia katika chembe za kinga ya mwili, na pale ambapo mwili unapambana navyo kwa mara ya kwanza, mtu anaweza kupata homa, maumivu ya koo, vipele vya mwilini ambavyo mara nyingi huonekana kifuani na mgongoni, kuvimba kwa mitoki sehemu zaidi ya moja, maumivu ya misuli na viungo, kichwa kuuma, na wakati mwingine vidonda mdomoni. Hali hiyo kwa kawaida hutokea kati ya wiki ya 2 na ya 4 tangu siku ya kuambukizwa. Pua inayotiririka na chafya si miongoni mwa dalili zinazoitambulisha.

Huenda hapo umeshusha pumzi, na mimi naomba usiishushe yote. Mambo mawili yanazuia mafua yako yasiwe hati ya kukusafisha. La kwanza ni kwamba mtu anaweza kupata mafua ya kawaida katika wiki ileile ambayo mwili wake unapambana na maambukizi mapya. Moja haliondoi jingine. La pili ni kwamba wapo wanaoambukizwa bila kuona chochote, au wakaona kitu kidogo sana wasikitilie maanani. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ambao uliwafuatilia watu wazima waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa katika nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Thailand, na kwa upande wetu ulifanyika Mbeya. Washiriki walitolewa damu kidogo mara mbili kwa wiki, hivyo watafiti waliweza kuyakamata maambukizi karibu na siku zake za kwanza kabisa badala ya kumtegemea mtu akumbuke aliumwa lini. Walikuta kwamba wingi wa virusi kwenye damu hufikia kilele takriban wiki mbili baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza, na kwamba dalili, kwa walio wengi, zilikuwa chache na za muda mfupi, zikijikusanya kabla tu ya kilele hicho. Nilipoyasoma matokeo hayo nilielewa kwa nini mshauri nasaha wangu hakuonyesha kuvutiwa hata kidogo na simulizi yangu ndefu ya ulimi na tezi. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza swali moja: mara ya mwisho ulikutana na mumeo bila kinga tarehe ngapi?

Hilo ndilo swali ambalo nakuomba nawe ulijibu, na uliandike mahali. Usianze kuhesabu kutoka siku mafua yalipoanza. Hesabu kutoka siku ya tendo. Vipimo vya damu ya kidole vinavyotumika katika vituo vyetu vingi hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvitambua virusi, na askari hao huchukua muda kufikia kiwango cha kuonekana. Kwa vipimo vya aina hiyo muda huo ni kati ya siku 23 na 90. Vipo vipimo vya maabara vinavyotumia damu ya mshipa na vinavyotafuta kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe, na hivyo huweza kuona mapema zaidi, kati ya siku 18 na 45. Kipo pia kile cha kutafuta vinasaba vya kirusi, ambacho kinaweza kuona kuanzia siku ya 10 hadi ya 33, lakini hicho ni cha gharama na si cha kila mtu anayepita mlangoni. Kipindi hiki ambacho mtu anaweza kuwa na virusi na kipimo kikasema hana ndicho huitwa kipindi cha dirisha.

Wewe uko wiki ya tatu. Maana yake ni kwamba ukipima leo kwa kipimo cha kidole na kikaonyesha huna maambukizi, majibu hayo yanakueleza zaidi hali yako ya kabla ya safari kuliko ya baada yake. Hata hivyo nakushauri upime sasa. Kujua ulikuwa wapi mwanzoni kuna faida yake, na kituoni utapata mtu wa kuzungumza naye ambaye hatakutisha wala kukubembeleza. Kisha rudia ukifika wiki ya sita, ambapo walio wengi kati ya walioambukizwa huwa wameshaonekana, na umalizie ukitimiza miezi mitatu kamili tangu tarehe uliyoiandika. Ikiwa kati ya safari na mwezi wa tatu hukuwa na tukio jingine la hatari, na kipimo cha mwisho kikasema huna, basi huna. Hakuna haja ya kuendelea kupima mwezi wa sita, wa tisa na mwaka, kama wafanyavyo wengine ambao hofu imewageuza mateka. Nimekutana na dada mmoja kliniki aliyekuwa akihama kutoka kituo kimoja kwenda kingine akitafuta kituo ambacho hatimaye kingemwambia anaumwa.

Kuhusu kujipima mwenyewe nyumbani, jambo hilo linaruhusiwa kisheria nchini kwetu tangu sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Vipo vifaa vya kupima kwa majimaji ya kwenye fizi, navyo ni vizuri kwa mtu anayeona haya kwenda kituoni. Fahamu tu kwamba navyo hutafuta kingamwili, kwa hiyo havifai kwa mtu aliye wiki ya tatu kama wewe anayetaka jibu la mwisho, na kwamba vikionyesha chanya ni lazima uende kituoni kuthibitisha kwa mfululizo wa vipimo vingine kabla ya kuamini.

Narudi kwenye joto lako la jioni, kwa sababu nadhani ndilo jambo la haraka kuliko yote uliyoyaeleza, na ndilo ambalo wote waliokujibu wamelipita. Umesema ulisafiri. Kwa mtu wa Tanzania aliyerejea kutoka safarini na sasa ana homa, ugonjwa wa kwanza kuufikiria ni malaria. Vimelea vya malaria kali huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili au zaidi kidogo tangu mtu aumwe na mbu mpaka homa ianze, na malaria inaweza kuua ndani ya siku chache, ilhali virusi vya UKIMWI haviui mtu ndani ya wiki. Kipimo chake ni tone la damu ya kidole na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kama ulipita Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, ikumbuke pia dengue, ambayo imewahi kulipuka jijini humo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Dengue huleta homa kali, maumivu ya misuli na viungo na hata vipele, na mtu akiyasoma hayo mtandaoni bila kipimo atajiandikia UKIMWI bila shaka yoyote. Mwenye dengue hatakiwi kutumia aspirini wala diklofenaki kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutojitibia kwa kukisia.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Mshauri nasaha alinipima virusi vya UKIMWI, na katika damu hiyohiyo akapima pia kaswende. Majibu ya virusi yalisema sina, na vipimo vya marudio baada ya miezi mitatu vilisema hivyohivyo. Majibu ya kaswende yalikuwa chanya. Nilimwambia kwamba haiwezekani, kwamba sikuwahi kuona kidonda, upele wala uchafu wowote. Akanieleza kwa utulivu kwamba kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, kwamba kwa mwanamke kinaweza kutokea ndani ukeni au kwenye mlango wa kizazi ambako hawezi kukiona, na kwamba hupona chenyewe ndani ya wiki chache huku ugonjwa ukiendelea ndani. Nilipokuwa mjamzito wa mtoto wetu wa mwisho nilipimwa kliniki na sikuwa nayo, kwa hiyo ilikuwa imeingia baada ya hapo, lakini hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa. Mafua yaliyoninyima usingizi yalikuwa mafua tu na yaliisha yenyewe. Ugonjwa wa zinaa niliokuwa nao kweli haukunipa hata chafya moja.

Kwa kuwa haikujulikana ilianza lini, nilichomwa sindano tatu za penisilini aina ya benzathine, moja kila wiki kwa wiki tatu mfululizo. Mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana kuwa ni wa karibuni huchomwa mara moja tu. Sindano hiyo ni nzito na inauma, na usiku wa ile ya kwanza nilipata homa na kutetemeka. Nilikuwa nimeonywa mapema kwamba hilo hutokea kwa baadhi ya watu ndani ya saa 24 kwa sababu ya vijidudu vinavyokufa kwa wingi, kwa hiyo sikushtuka. Mume wangu naye alipimwa na kutibiwa, maana kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kurudishiana ugonjwa. Nilielezwa pia jambo ambalo naona wengi hawalijui: kipimo cha haraka cha kaswende kinaweza kubaki chanya maisha yote hata baada ya mtu kupona, hivyo anayefuatilia kama dawa imefanya kazi huhitaji kipimo kingine cha maabara kinachoonyesha kiwango, ili ionekane kama kinashuka.

Kaswende ndiyo pia ugonjwa wa zinaa ambao, ukifika hatua ya pili, hufanana zaidi na homa ya kawaida. Wiki kadhaa baada ya kidonda mtu anaweza kupata homa ndogo, koo kuuma, mitoki kuvimba, nywele kunyonyoka kwa mabaka, na vipele visivyowasha ambavyo alama yake kubwa ni kutokea hata kwenye viganja na nyayo. Lakini kwa hesabu ya tarehe zako, wiki ya tatu ni wakati ambao kidonda cha kwanza huwa ndiyo kwanza kinatokea, kwa kuwa huchukua kati ya siku 10 na 90, wastani wake ukiwa siku 21. Kwa hiyo jichunguze sehemu za siri kama kuna kidonda kisichouma, kikavu, chenye kingo ngumu, na hata usipokiona, kapimwe.

Magonjwa mengine nitayapitia kwa kifupi. Kisonono kwa mwanaume mara nyingi hujitangaza chenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa usaha na maumivu makali wakati wa kukojoa. Kikikaa kooni kwa njia ya ngono ya mdomo, mara nyingi hakionyeshi dalili, na hata kikisababisha koo kuuma, hakileti pua kutiririka. Klamidia hukaa kimya kwa watu wengi, wanaume kwa wanawake, na ukimya wake ndio unaowaharibia wanawake mirija ya uzazi. Malengelenge ya sehemu za siri yanapotokea kwa mara ya kwanza yanaweza kuandamana na homa, uchovu na mitoki ya kinena, lakini pamoja nayo kunakuwa na vipele vya maji na vidonda vinavyouma, na hicho ni kitu ambacho ungekuwa umeshakitaja. Homa ya ini ya aina ya B nayo huambukizwa kwa njia ya ngono, ila huchukua mwezi mmoja hadi sita kujitokeza, na ipo chanjo yake. Ulizia utakapokuwa kituoni.

Kwa ajili hiyo naomba usinunue azithromycin wala sipro wala dawa nyingine ya viuavijasumu kwa kukisia. Kama una mafua, dawa hizo haziwezi kuua virusi vya mafua. Kama una virusi vya UKIMWI, haziwezi kuvigusa. Kama una kisonono, kipo ambacho kimeshazoea dawa hizo na kitapoa kwa muda kisha kirudi. Na kama una kaswende, dozi ndogo ya dukani inaweza kukuondolea dalili bila kukuponya, ukabaki ukidhani umepona. Mwenye duka anauza dawa kwa maelezo yako, na maelezo yako kwa sasa yanaongozwa na hofu.

Umeuliza pia uwezekano wa kuwa umeambukizwa ni mkubwa kiasi gani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi, na wengi wao wanatumia dawa. Mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi vyake visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono. Hata pale ambapo mwenzi ana virusi na hatumii dawa, makadirio ya wataalamu kwa mwanaume katika tendo moja la kawaida na mwanamke ni takriban mara 4 katika matendo 10,000, ingawa hupanda sana mmoja akiwa na vidonda sehemu za siri au akiwa ameambukizwa karibuni. Nimekupa hesabu hizo ili ujue kwamba bado hujahukumiwa. Nasita kuzitaja mara nyingi kwa sababu nimeona watu wakizitumia kama sababu ya kutopima, na wapo wengi walioambukizwa kwa tendo moja.

Linalobaki ni mkeo na mtoto, na hapa nitasema wazi. Kama kwa bahati mbaya umeambukizwa, wiki hizi ndizo ambazo damu yako ina virusi vingi kuliko wakati mwingine wowote, na kwa hiyo ndizo ambazo ni rahisi zaidi kumwambukiza. Mama anayeambukizwa akiwa ananyonyesha naye huwa na virusi vingi mno katika siku zake za kwanza, na mtoto anakuwa katika hatari kubwa, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba wote wawili wanahitaji dawa. Mkeo alipimwa akiwa mjamzito, akaambiwa yuko salama, na kadi yake ya kliniki itaendelea kusema hivyo. Kwa hiyo mpaka upate majibu ya mwisho usikutane naye bila kondomu. Kama umeshakutana naye tangu urudi, jambo hili limeacha kuwa siri yako peke yako, na lazima naye apimwe mapema na wahudumu wajue kwamba ananyonyesha. Mimi nilikuwa upande wa mkeo. Nilichokuwa nakihitaji kuliko hata maelezo ya nani na kwa nini kilikuwa ni kuambiwa mapema, kabla mwili wangu haujahusishwa. Vituo vingi vina ushauri nasaha kwa wenza, na mtoa huduma anaweza kukusaidia namna ya kuanza mazungumzo hayo. Sisi tulikaa mbele ya mshauri huyohuyo, na nina hakika kwamba nyumbani tusingeweza kuyamaliza.

Kwa wengine mnaosoma ambao tukio lenu ni la jana au juzi, ninyi mna nafasi ambayo ndugu yetu ameshaipita. Zipo dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ambazo vituoni huitwa PEP, na ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe kila siku kwa siku 28. Ulizeni katika hospitali au kituo cha afya chenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na msisubiri dalili, kwa sababu dalili zikija saa 72 zitakuwa zimepita zamani.

Wewe, ndugu yangu, ukifika kituoni usianze na mafua. Mwambie mhudumu tarehe ya tendo, kwamba hukutumia kondomu, kwamba ulisafiri na sasa una homa, na kwamba mkeo ananyonyesha. Omba kipimo cha malaria, cha virusi vya UKIMWI na cha kaswende, vyote kwa pamoja, na kabla ya kuondoka andikiwe tarehe mbili za kurudi, ile ya wiki ya sita na ile ya mwezi wa tatu. Kama joto bado lipo usiku huu, nenda kesho asubuhi.